Chatini za bajia zinajitenga maji, nyingine ina chenga: tatizo liko wapi?

DadaWaBajia

Wadau habari za jioni. Nauza bajia za dengu, viazi karai na kachori, na natoa chatini tatu. Kila moja ina ugonjwa wake. Naweka vipimo kabisa ili msinipigie ramli.

Ya nazi: nazi 2 zilizokunwa, maji vikombe 2 (kikombe changu ni ml 250), pilipili mbichi 4, kitunguu maji 1, fungu la giligilani, malimao 2, chumvi. Vyote kwenye blenda kwa mara moja, dakika 5. Ikitoka imefura na inapendeza, lakini baada ya saa moja nazi inapanda juu na maji yanabaki chini. Ikilala kwenye friji, asubuhi ina punjepunje nyeupe ulimini.

Ya ukwaju: ukwaju gramu 250, maji lita 1, sukari kikombe 1, konfulawa vijiko 3 vya chakula. Vinachemka pamoja nusu saa. Jioni ile ni nzito, kesho yake ni maji matupu.

Ya mtindi: mtindi nusu lita, tango 1, giligilani, vitunguu saumu punje 3, chumvi. Navyo blenda. Hii haishiki kwenye bajia hata kidogo, inachuruzika tu.

Nimeshaambiwa niongeze unga kwenye kila moja. Ndiyo dawa kweli?

---

KinuNaMchi

Unga kwenye chatini ya nazi hapana. Utapata uji wenye ladha ya unga mbichi, na maji yatajitenga vilevile kwa sababu wanga usiopikwa haushiki maji.

Tuanze na maji yenyewe. Nazi moja ya wastani ikikunwa inakupa gramu 250 hivi, na karibu nusu ya uzito huo tayari ni maji. Wewe umeongeza nusu lita juu ya nazi mbili, ukatia na kitunguu maji kibichi ambacho kikisagwa kinatoa maji yake yote, halafu malimao mawili. Hapo umetengeneza tui lenye machicha ndani. Tui likitulia, krimu inapanda na maji yanashuka, ndivyo lilivyo. Kwa nazi 2 anza na ml 120 za maji, yaani karibu nusu kikombe, ongeza kijiko kimoja kimoja pale tu blenda inapogoma kuzungusha. Jumla isizidi ml 200.

Pili, huko kufura unakokusifu ni hewa. Dakika 5 za mfululizo zinapiga povu, na povu likishuka ndiyo unaona chatini "imekatika". Tena visu vinapata joto, mafuta ya nazi yanayeyuka na kuanza kujitoa kwenye nyama ya nazi. Saga kwa kushtukiza: sekunde 10, zima, kwangua kuta za jagi, rudia. Mara sita au saba zinatosha.

Mpangilio nao una maana. Kwanza pilipili, chumvi na giligilani pamoja na vijiko viwili vya maji, visagike mpaka viwe rojo. Ndipo uingize nazi nusu nusu. Ukiingiza vyote pamoja, majani yanazunguka juu na nazi inakaa chini, kwa hiyo unalazimika kusaga muda mrefu na kuongeza maji. Shida hizo mbili, maji mengi na povu, zinaanzia hapo.

Limao liwe la mwisho, nje ya blenda, unakoroga na kijiko. Nazi ina protini zake, na ukali wa limao unazigandisha vipunje vidogo kama unavyokatisha maziwa. Kadiri chatini ilivyo nyepesi ndivyo vipunje vinavyoonekana. Kwa nazi 2, limao moja dogo linatosha. Ukitaka ukali zaidi, tumia embe bichi: nusu ya embe la wastani, limenywe na kusagwa pamoja na pilipili. Embe bichi lina wanga na pektini, linakupa ukali na linashika maji kwa wakati mmoja. Kwa hali yako ningeacha limao kabisa msimu wa embe.

Kitunguu maji kitoe. Kikisagwa kibichi kinaleta uchungu baada ya saa chache, mbali na hayo maji. Ukikipenda sana, kikatekate vidogo mno na ukitie wakati wa kuuza.

Punje nyeupe za asubuhi ni kitu kingine kabisa. Hayo ni mafuta ya nazi yaliyoganda. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na friji iko kwenye 4. Hakuna kilichoharibika. Itoe nusu saa kabla, koroga, au tia kijiko cha chakula cha maji ya vuguvugu kwa kila kikombe cha chatini. Usiichemshe wala usiirudishe kwenye blenda ikiwa baridi, maana mafuta yaliyoganda yakipigwa yanashikana mabonge. Dar mchana inajiyeyukia yenyewe. Walioko Nairobi au Arusha mwezi wa 7 wanaziona punje hizo hata bila friji, wao wasage na maji ya vuguvugu tangu mwanzo.

---

BintiKisauni

Salaam aleikum. Nyongeza kwa aliyotangulia: dada, unatumia nazi gani? Hilo linabadilisha kila kitu.

Nazi kavu iliyokomaa vizuri ndiyo ya chatini. Koroma ni laini lakini mafuta bado kidogo na maji mengi, chatini yake haina mwili. Iliyoanza kuota ikawa na joya ndani, nyama yake imeshaanza kupungua utamu, wakati mwingine inanuka mafuta. Itikise, usikie maji yakicheza ndani. Isiyo na sauti iache.

Na unapokuna kwa mbuzi, ukianza kuona rangi ya kahawia simama. Ile ngozi ya ndani ni nyuzi tupu, haisagiki hata ufanye nini, na ndiyo chenga nyingi watu wanazolalamikia. Inaharibu na weupe. Wanaochokora nazi kwa kisu na kutia vipande kwenye blenda wamenye ile ngozi kwanza.

Machicha pia usitumie. Kuna wauzaji wanakamua tui la wali halafu machicha yanageuzwa chatini. Mafuta yameshatoka, kilichobaki ni nyuzi, hakuna cha kushikana.

Nazi kavu ya pakiti inafaa kwa dharura: gramu 100 kwa ml 120 za maji ya moto, funika dakika 30, ndipo usage. Ukiisaga ikiwa kavu inanyonya maji ya chatini polepole, unaiacha ikiwa sawa, ukirudi umekuta kitonge.

---

Mla_Kachori

Na yale madengu ya kukaanga wanayotia Wahindi kwenye chatini ya nazi? Naona yao haijitengi.

---

KinuNaMchi

Umegusa penyewe. Hayo ndiyo ya kushikia. Ni dengu zilizokwisha kukaangwa kavu, zimebanduliwa maganda, zinauzwa tayari kuliwa kwenye maduka ya viungo ya Kihindi. Kwa nazi 2 tia vijiko 3 vya chakula, visagwe kavu kwanza viwe unga, ndipo viungo vifuate. Kwa kuwa zimeshapikwa, wanga na protini zake zinanyonya maji palepale bila ladha mbichi. Unga wa dengu wa kupikia bajia sio mbadala wake, ule ni mbichi.

Karanga zilizokaangwa na kumenywa zinafanya kazi hiyohiyo, vijiko 3, lakini chatini inakuwa ya karanga kidogo, na lazima umwambie mteja. Kuna watu karanga zinawadhuru vibaya.

Subiri dakika 10 baada ya kusaga kabla ya kuamua kuongeza maji au la. Dengu zinaendelea kunywa.

---

UpawaWaShaba

Mimi niingie kwenye ukwaju.

Dada, konfulawa yako inauawa na ukwaju. Wanga ukichemka unavimba na kushika maji, ndio uzito unaouona. Lakini ukiendelea kuuchemsha ndani ya kitu kikali, ule ukali unaukatakata, unapoteza nguvu ya kushika. Nusu saa ndani ya ukwaju ni muda mrefu sana. Unapoipua bado ina uzito kwa sababu hujaumaliza wote, usiku kucha maji yanatoka, asubuhi ndiyo hiyo. Ukiongeza vijiko vya konfulawa na kuchemsha vilevile unasogeza tatizo mbele tu.

Njia yake ni kupika ukwaju peke yake kwanza, mpaka umalize kila kitu, na wanga uingie dakika ya mwisho.

Kwa hizo gramu 250: loweka kwenye maji ya moto ml 750 kwa dakika 40, vuruga kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, kamua kwenye chujio. Yale makapi yasafishe tena na ml 250, changanya. Weka jikoni bila kifuniko, moto wa wastani, pamoja na sukari, chumvi, pilipili ya unga, tangawizi ya unga kijiko kimoja cha chai, na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, kijiko kimoja cha chai. Chemsha dakika 15 hivi, ipungue ibaki kama ml 750. Sufuria isiwe ya alumini, ukwaju unaila, rangi inakuwa ya kijivujivu na ladha ya chuma. Tumia ya stili au ya enameli isiyobanduka.

Sasa konfulawa. Nazungumzia ule wanga mweupe laini unaolialia ukiubana vidoleni, si unga wa sembe. Kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye ml 60 za maji BARIDI, koroga mpaka usione kitu chini ya kikombe. Punguza moto, mimina kama uzi huku mkono wa pili unakoroga. Ikianza kutokota hesabu dakika moja, ipua. Rangi itatoka kwenye ukungu mpaka kung'aa. Kabla ya kung'aa wanga haujaiva na utakupa ladha ya chaki.

Kipimo cha uzito: chovya upawa, upitishe kidole mgongoni. Mstari ukibaki wazi bila kingo kuteremka, imetosha. Ipua ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ikipoa inaongezeka uzito. Na ikishapoa usiipige blenda wala mchapo wa nguvu. Wanga ulioshikana ukichapwa unaachia.

Ukitia wanga mkavu kwenye chungu cha moto unapata mabonge yaliyoiva nje, mabichi ndani. Hayo dawa yake ni chujio tu.

---

Mpambe wa Jikoni

Sababu nyingine ya sosi ya wanga kuwa maji ni mate. Mteja anachovya bajia aliyoing'ata, mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Bakuli la pamoja mezani halifiki saa moja.

---

UpawaWaShaba

Kwa mate uko sahihi, ila kwenye ukwaju sio mhusika mkuu. Kile kimeng'enya hakiwezi kazi kwenye ukali mwingi kiasi hicho, na chatini yake dada ililala ndani, haikuwa mezani. Mate yanaharibu sosi zisizo kali: mchuzi mzito wa unga, rojo la viazi, sosi ya maziwa. Hata mpishi akionja kwa kijiko na kukirudisha sufuriani, sosi ya konfulawa isiyo kali inaweza kulegea.

Bakuli la pamoja ni baya kwa usafi hata hivyo. Kila sahani na kibakuli chake.

---

Tende_na_Halua

Kwa nini wanga kabisa? Huku Maskati na hata nyumbani Unguja ukwaju unafungwa kwa tende. Gramu 250 za ukwaju kwa gramu 200 za tende laini zisizo na kokwa. Tende zichemke humo humo dakika 10, ziponde, upitishe vyote kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Sukari unaipunguza mpaka robo kikombe au unaiacha. Uzito wake unatoka kwenye nyama ya tunda na sukari, hakuna wanga wa kuvunjika, kwa hiyo leo na kesho ni ileile. Ikigandamana kwenye friji unaongeza maji ya moto kijiko, inarudi.

Ubaya wake ni bei na rangi, inakuwa nyeusi kidogo. Wateja wanaotaka ukwaju mwekundu unaong'aa hawataipenda.

---

UpawaWaShaba

Sina ubishi, hiyo ni bora kuliko ya wanga. Kwa anayeuza kachori kwa bei ya mtaani, nusu kwa nusu inawezekana: tende gramu 100, konfulawa kijiko kimoja badala ya kimoja na nusu. Anayetaka kuigandisha kwenye friza asitumie konfulawa kabisa, ikiyeyuka inatoa maji na kuwa kama sponji. Wanga wa muhogo unavumilia friza vizuri zaidi, ingawa ukizidi unavutika kama mlenda.

---

BintiKisauni

Mtindi mmeusahau.

Mtindi ni utando wa protini ulioshika maji ndani yake. Visu vya blenda vinaukata huo utando vipande, maji yote yanaachiwa, na hayarudi. Ndio maana mtindi mzito ukiupiga blenda unamwagika. Kwa hiyo saga dania (giligilani), thomu (kitunguu saumu) na pilipili peke yake, na maji kijiko kimoja tu, kisha changanya na mtindi kwa kijiko, taratibu, mara ishirini na basi.

Kabla ya hapo uchuje. Mtindi wa kawaida wa nusu lita uumimine kwenye kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, juu ya chujio, juu ya bakuli, ndani ya friji. Saa 3 zinatosha. Utabaki na kama ml 300, mzito wa kusimama kwenye kijiko. Maji yake usimwage, kandia unga wa bajia au chapati.

Tango nalo karibu lote ni maji. Toa mbegu, kwaruza, tia chumvi nusu kijiko cha chai, acha dakika 20, kamua kwa mkono mpaka lisitoe tone. Hiyo chumvi ihesabu, usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Ukitia tango bila kulikamua, chumvi itayavuta maji yake ndani ya bakuli la mteja.

Nanasi bichi na papai bichi viwe mbali na mtindi. Papai lile lile tunalolainishia nyama ya mishkaki linalainisha na mtindi: unakuwa majimaji na mchungu kadiri unavyokaa. Embe halina shida hiyo.

Kama mtindi ni mwepesi na huna saa za kuchuja, kiazi kimoja cha kuchemsha kilichopondwa laini kikapoa, gramu 80 kwa nusu lita, kinatibu. Kinabadilisha ladha kidogo, lakini kwa viazi karai hata hakijulikani. Kiponde kwa mwiko au uma, blenda inakigeuza gundi.

---

DadaWaBajia

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Nina maswali mawili. Kuna chatini ya jana kwenye friji, ya nazi kama lita moja na ya ukwaju lita moja. Zinaokoleka? Na nikitaka kutengeneza ya siku nzima ya sahani 60, nitengeneze kiasi gani?

---

KinuNaMchi

Ya nazi: kwanza inuse na uionje kidogo. Ikiwa na uchachu ambao si wa limao, au inatoa vipovu, mwaga. Ikiwa salama, iache nje nusu saa, imimine kwenye chujio juu ya bakuli. Saga vijiko 4 vya dengu za kukaangwa au karanga, tia nazi iliyobaki kwenye chujio, piga sekunde 10 mara tatu, kisha rudisha maji yaliyochujika kidogo kidogo mpaka ufike uzito unaoutaka. Hutayarudisha yote. Yanayobaki yana ladha nzuri, tia kwenye mchuzi wa samaki leo leo.

---

UpawaWaShaba

Ya ukwaju inaokoleka, ila kuichemsha tena peke yake hakutaipa uzito, ule wanga umeshakufa. Ichemshe mpaka itokote, andaa konfulawa mpya vijiko 4 vya CHAI kwenye maji baridi ml 50, mimina, dakika moja, ipua. Ni kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Ukali na sukari onja baada ya kupoa, ikiwa ya moto utamu unadanganya.

Kwa sahani 60, kibakuli cha kuchovyea ni vijiko viwili vya chakula, ml 30. Ukitoa chatini moja kwa sahani ni lita 1.8, ukitoa zote tatu ni kiasi hicho kwa kila moja. Ukwaju unaweza kupika wa siku tatu ukaweka kwenye chupa ya kioo ndani ya friji.

---

BintiKisauni

Ya nazi usipike ya siku tatu. Nazi mbichi iliyosagwa kwenye joto la pwani inachacha upesi. Tengeneza asubuhi, gawa kwenye vyombo vya nusu lita, vikae kwenye friji au kasha la barafu, toa kimoja kimoja. Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kisirudi kuchanganywa na kipya.

Na majani ya dania, yakaushe kabisa kwa kitambaa baada ya kuosha. Fungu lenye maji linaingiza vijiko viwili vitatu ambavyo hukuvihesabu.

---

Mla_Kachori

Dengu za kukaanga Kariakoo nimeziona kwenye maduka ya viungo. Ulizia zilizobanduliwa, zenye ganda zinaacha chenga.